Makato yapo kwenye slipu, mfuko wa pensheni hauna habari: nilivyofuatilia

Mimi slipu ya mshahara nilikuwa naangalia mstari wa chini tu, nimepata ngapi, basi naikunja naitupia kwenye droo. Bahati hiyo droo huwa siisafishi.

Siku nimeenda mfuko wa pensheni kubadilisha jina la mrithi, dada wa kaunta akanigeuzia skrini, "kaka, ulikuwa likizo bila malipo?" Miezi 14 haina mchango hata mmoja, na slipu zangu zote zina makato! Mhasibu wetu namuuliza ananiambia eti mtandao wa mfuko unasumbua. Mtandao gani huo wa miezi 14?

Nilianza vibaya, nilienda kichwa kichwa na hasira zangu, nikaishia kuzungushwa njoo kesho njoo Jumatatu. Mwishowe nikaenda ofisi ya kazi, mama mmoja afisa kazi akanisikiliza kidogo tu akanikata, "mwanangu, maneno baki nayo, niletee karatasi." Basi nikakaa chini nikapanga slipu mwezi kwa mwezi, pembeni taarifa ya michango kutoka mfuko, kila mwezi uliokosekana nikaupiga mstari mwekundu.

Wenzangu waliogopa kufukuzwa. Yule mama akanielewesha kwamba Mkataba namba 81 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1947, unamtaka mkaguzi wa kazi, yaani afisa kama yeye, afiche kabisa nani kalalamika, na unamruhusu kuingia sehemu ya kazi bila taarifa na kudai vitabu. Na akaja kweli, hakutaja jina la mtu, akaomba vitabu vya mishahara vya watu wote, bosi jasho linamtoka kwenye kiyoyozi. Hapo ndo nilielewa kwa nini barua nilizomwandikia bosi zilikuwa hazijibiwi, mimi nilikuwa naomba, yule mama alikuwa anadai kwa niaba ya serikali. Hata Mkataba namba 102 wa shirika hilohilo, wa 1952, unaohusu hifadhi ya jamii, unasema nchi iliyouridhia ndiyo yenye dhamana ya kuhakikisha mafao yanalipwa, na ukinyimwa au ukipunjwa una haki ya kukata rufaa. Miaka yote nilijua pensheni ni yangu na mwajiri tu.

Miezi 12 imeshaingia, kwa awamu. Iliyobaki 2 slipu zake sizioni, nimepekua hiyo droo mpaka chini, na vitabu vya miezi hiyohiyo eti vililiwa na mchwa. Jumatano narudi kwa yule mama.