Nilipoachishwa Kazi, Marejesho Hayakusimama

Barua ya kupunguzwa kazini ilikuwa na kurasa mbili, na mimi niliisoma nikitafuta kitu kimoja tu, yaani kiasi cha kiinua mgongo. Siku iliyofuata niliisoma tena kwa utulivu, ndipo nikauona mstari uliosema kwamba mikopo yote iliyokuwa ikilipwa kwa makato ya mshahara itabaki kuwa wajibu wangu binafsi. Kwa miaka mitatu sikuwa nimewahi kulipa marejesho kwa mkono wangu, kwa sababu mwajiri alikata kabla mshahara haujanifikia, na pole pole nikawa nimesahau kwamba nina deni. Mshahara uliposimama, makato nayo yalisimama, lakini riba iliendelea kuhesabiwa siku kwa siku kama kawaida.

Nilikaa kimya kwa wiki sita, na kosa hilo ndilo lililonigharimu kuliko mengine yote. Niliamini kwamba ni aibu kwenda kwa mkopeshaji mikono mitupu, na kwamba nikipata kazi nyingine haraka hakuna atakayelazimika kujua. Jioni moja simu ilikuwa imelazwa kifudifudi mezani, ikitetema kwa mara ya nne. Mke wangu aliigeuza, akasoma jina la aliyekuwa akipiga, kisha akaisogeza mbele yangu bila kusema neno. Usiku huo tulichukua daftari tukaandika kila deni, pamoja na yale ambayo sikuwa nimemwambia.

Yalikuwa manne: mkopo mkubwa wa benki, mkopo wa chama cha akiba na mikopo niliodhaminiwa na mfanyakazi mwenzangu, mkopo mdogo wa simu, na fedha za dada yangu, alizonikopesha bila riba na bila kuandikishana. Tulipoyaweka kwenye ukurasa mmoja, niligundua kwamba kila senti niliyokuwa nimelipa tangu nitoke kazini ilikwenda kwenye deni dogo kuliko yote, kwa sababu tu mwenye deni hilo alipiga simu mara nyingi zaidi. Tena nilikuwa silipi deni lenyewe. Nilikuwa nalipa ada ya kulisogeza mbele. Mkopo wenye ada ya 15% kwa siku 30, ukisogezwa mara 3, huwa umekula 45% ya kiasi ulichokopa, na kiasi chenyewe bado kipo vilevile. Tuliufunga wiki hiyohiyo kwa kuuza kitu ambacho nyumba ingeweza kuishi bila nacho, na sijakopa kwa njia hiyo tena.

Kabla ya kumlipa yeyote kati ya waliobaki tulitenga kwanza chakula, kodi ya nyumba na matibabu. Wapo watakaosema huo ni ubinafsi, lakini sikubaliani nao, kwa kuwa anayelipa deni kwa fedha ya kodi atalazimika kukopa kodi mwezi unaofuata, na mara nyingi kwa masharti mabaya zaidi.

Benki nilikwenda na barua ya kuachishwa kazi, taarifa ya akaunti ya miezi sita, na karatasi moja ya mapato na matumizi yetu kama yalivyokuwa wakati huo. Ofisa wa mikopo alinieleza kwamba ningekwenda kabla ya kukosa rejesho la kwanza angekuwa na nafasi kubwa zaidi ya kunisaidia, kwa sababu mkopo ukishapitisha siku 90 bila kulipwa kwa kawaida huhesabiwa kuwa chechefu, yaani mkopo usiolipika, na hapo faili huhamia kwa watu wa kukusanya madeni. Aligeuza kompyuta yake ili nami nione hesabu. Nitaitoa hapa kwa mfano mwepesi. Chukua deni lililosalia la 1,000, kwa riba ya 18% kwa mwaka inayokokotolewa kwenye salio linalopungua. Ukilipa kwa miezi 24, rejesho ni karibu 50 kwa mwezi. Ukiongezewa muda hadi miezi 48, linashuka hadi karibu 29. Nafuu hiyo ni ya kweli, lakini jumla ya riba inapanda kutoka karibu 198 hadi karibu 410. Nilikubali muda mrefu nikijua ninachokinunua, kisha nikaomba mambo mawili yaandikwe kwenye mkataba mpya: kwamba naweza kulipa zaidi ya rejesho bila faini pindi nitakapopata kazi, na kwamba adhabu za ucheleweshaji zinasimama tangu tarehe ya kusaini. La kwanza walilikubali, la pili walilikataa.

Ulizeni pia kuhusu bima ya mkopo. Wengi tuliilipia siku ya kukopa bila kuisoma. Yangu iligusa kifo na ulemavu wa kudumu tu, ila zipo zinazolipa marejesho ya miezi kadhaa kwa aliyepunguzwa kazini, na madai hayo huwa na muda wa mwisho wa kuwasilishwa.

Lililonisumbua kuliko yote lilikuwa la mdhamini. Naye alipunguzwa siku moja na mimi, na alipokwenda kwenye chama kuchukua akiba yake ili aanze upya, aliambiwa kwamba sehemu yake imezuiwa kwa sababu ya malimbikizo yangu. Habari hiyo aliipata dirishani, kutoka kwa karani, wakati nilikuwa na wiki sita za kumwambia mwenyewe. Nilipomfuata kwake hakunigombeza. Alisema tu, “Ndugu yangu, ungenipigia simu siku ile ile, tungejua la kufanya.” Sikuwa na jibu, na hadi leo sina.

Kiinua mgongo tulikigawa. Tulibakiza matumizi ya miezi mitano, na kilichozidi chote kikaenda kwenye mkopo wa chama, ingawa kwa hesabu tupu ya riba kingepunguza gharama zaidi benki. Malimbikizo yaliisha, na sehemu kubwa ya akiba ya mwenzangu ikaachiliwa. Dada yangu nilimweleza hali ilivyo, akakubali kusubiri hadi mwisho wa mwaka, na safari hii tumeandikishana.

Yamebaki marejesho saba ya chama. Kila tarehe 28 nikishalipa, nampigia picha risiti na kumtumia yule mdhamini wangu, naye hunijibu kwa neno moja: “Nimeiona.”