Kikombe cha tatu kwenye friza ya kantini

Kila tukifika mada ya joto lazima atokee mwanafunzi wa kumtaja Mpemba, yule kijana wa shule aliyegandisha aiskrimu, na kawaida swali huwa lile lile: eti maji ya moto huganda kabla ya baridi, kweli? Mwaka huu binti mmoja wa Kidato cha Tatu akaniuliza kingine. "Mwalimu, kwani alilinganisha nini na nini?" Somo nililoandaa nikaliweka kando.

Kisa chenyewe ni cha mwaka 1963, shule ya sekondari Magamba kule Lushoto. Erasto Mpemba na wenzake walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unayaacha yapoe, ndipo unaweka kwenye friji. Nafasi ilikuwa ya kugombea. Mwenzake mmoja akatia sukari kwenye maziwa ambayo hayajachemshwa, akawahi. Mpemba kuona hivyo, akaingiza ya kwake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu, yake yameganda, ya mwenzake bado uji. Mwalimu wa fizikia akamwambia umechanganyikiwa wewe.

Hapo kwa mwalimu ndipo watu wanapopenda kucheka (nami nacheka, kwa tahadhari). Lakini ziangalie zile trei. Moja ya moto, nyingine ya baridi. Halafu moja imechemshwa, nyingine haijachemshwa. Vitu viwili vimebadilika kwa mpigo mmoja, sasa sababu utampa nani?

Binti akafikiri kidogo, akasema tuweke kikombe cha tatu: maji yaliyochemshwa yakaachwa yapoe hadi yalingane na ya bomba. Kikienda sawa na cha moto, basi kuchemsha ndiko kunakofanya kazi, pengine kwa kutoa hewa iliyoyeyuka majini. Kikienda sawa na cha bomba, joto ndilo la kuchunguzwa. Nilitamani kumpa cheti palepale.

Maabara yetu haina friza, kwa hiyo tuliazima ya kantini, na ubishi wenyewe ukaanzia huko. Vikombe viingie pamoja au kimoja kimoja? Vikiingia pamoja, cha moto kinawapasha jirani zake. Kikiingia peke yake, kinaisukuma mashine iungurume zaidi, na baridi ya leo haitakuwa baridi ya kesho. Tukakubaliana viingie pamoja, kila kimoja mbali na mwenzake, na kila mara wabadilishane nafasi, kwa sababu pembe ya nyuma ni kali kuliko mlangoni. Theluji ya sakafuni tuliikwangua yote. Kikombe cha moto kikiiyeyusha, kitako chake kinagusana na chuma vizuri kuliko vya wenzake. Na maji yapimwe baada ya kuchemka, si kabla, kwani mengine yameshaondoka na mvuke.

Halafu, kuganda ni nini? Barafu ya kwanza kuonekana, au kikombe kizima kuwa jiwe? Mpemba alipokuja kushirikiana na Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakachapisha mwaka 1969, walipima muda hadi barafu ianze. Waliona pia kwamba ukitandaza mafuta juu ya maji, kuganda kunachelewa sana. Joto jingi la maji huondokea kwa juu. Mwaka 2016 watafiti Henry Burridge na Paul Linden wao walipima muda wa kufika nyuzi 0, na hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba maji ya moto hutangulia. Walionyesha kwamba kipimajoto kikisogea sentimita 1 tu kwenda juu au chini, unaweza kujipatia tokeo la Mpemba, yaani ya moto kuonekana yametangulia, bila kujua. Tangu niwasomee hilo, vijana wangu wanafunga kipimajoto kwa uzi kwenye kijiti, na wanagombana kuhusu fundo.

Vikombe tumeviandika A, B na C. Anayefungua friza kusoma si yule aliyevijaza, na jedwali la herufi liko mfukoni mwangu. Mama wa kantini ametupa hadi Ijumaa, maana samaki wake wanaingia.