Usiku wa Wezi Makindu

Somo: 2 Wafalme 6:18–23

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Nani kati yetu amesafiri barabara ya Mombasa asilijue hekalu la Masingasinga pale Makindu? Wengi tunalijua kwa tumbo: dengu, chapati, chai, na hakuna anayekudai hata shilingi. Lakini kuna miaka nyumba hiyo ilisahauliwa.

Waliijenga mwaka 1926, wafanyakazi wa reli, mahali walipozoea kukusanyika chini ya mti kumwimbia Mungu. Makindu siku hizo ilikuwa na shughuli nyingi za reli. Shughuli zilipohamishwa, waumini nao wakafuata kazi, na nyumba ikaachwa mikononi mwa mlinzi Mwafrika.

Husimuliwa kwamba usiku mmoja wezi walivunja wakaingia, wakazoa vitu vya thamani. Kugeuka watoke, macho yakafunga. Wakapapasa ukuta usiku kucha wasiuone mlango waliouvunja wenyewe. Kulipokucha wakakutwa mumo humo na mizigo yao, wakilia waombewe msamaha.

Nakiri, niliposimuliwa kisa hiki mara ya kwanza nilifurahi. Wamekoma! Ndipo nikamkumbuka Elisha. Jeshi la Shamu limekuja kumkamata, anaomba lipigwe upofu, kisha analiongoza mwenyewe hadi katikati ya Samaria. Mfalme mikono inamwasha: niwapige, baba yangu, niwapige? Elisha anakataa. Anaagiza wawekewe chakula na maji. Wakafanyiwa karamu kubwa, wakala, wakanywa, wakaenda kwao.

Masingasinga wana simulizi lao la karamu. Guru Nanak, mwanzilishi wa dini yao, akiwa kijana alipewa na baba yake rupia 20 akafanyie biashara. Njiani akakuta watawa wenye njaa, zote zikaishia kwenye chakula chao. Baba alikasirika sana, na mimi niliye na watoto wa umri huo namwelewa kabisa. Nanak alishikilia kwamba hiyo ndiyo biashara ya kweli, na jiko la Makindu bado linaifanya kila siku.

Ukiingia pale unavua viatu, unafunika kichwa kwa kitambaa. Hakuna anayekuuliza dini yako. Kwa desturi yao chapati hupokewa kwa mikono miwili, viganja juu, kama mtoto anayekinga maji ya mvua. Kwa hiyo kama umeshika kitu, simu au mkoba, inabidi ukiweke chini kwanza.

Wiki hii nimekuwa nikiwawaza wale wezi asubuhi ile, macho yamefunguka, vitu vyote vimerudishwa mahali pake, mikono mitupu. Kisa hakisemi walipewa nini. Mimi moyoni namwona mlinzi akiinjika birika, kisha ndipo anakwenda kuwafungulia lango.