Nilivyoacha kuishi kwa kusubiri tarehe 30

Mi nilikua napika kantini ya kiwanda kimoja huku barabara ya Nyerere, miaka minne, mshahara 220,000, hamna mkataba hamna NSSF, ile akiba ya uzeeni. Naishi Gongo la Mboto na wanangu wawili. Ile hela ilikua inafika ishaliwa, kodi 50,000, nauli, michango ya shule, afu daftari la madeni la Mangi wa dukani. Lile daftari nalikumbuka mpaka leo, kaunta buku limechakaa pembeni, kalamu imefungwa na uzi, ukurasa wangu umejaa unga nusu, sukari robo, sabuni kipande, mafuta ya 500. Kupimapima ndo kunatumaliza jamani, mafuta ya 500 kila siku kwa mwezi ni 15,000, hela ambayo ungenunua dumu na mwezi ukaisha bado yapo.

Ila kilichonimaliza kabisa ni kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa. Mtoto aliumwa nikachukua 200,000, marejesho 35,000 kila Jumatatu wiki 8, yaani unarudisha 280,000, na kwa mwezi inatoka 140,000 kwenye mshahara wa 220,000. Wiki ya tatu nikakopa kwenye simu ili nilipe rejesho. Wale wakija wanakaa mlangoni mpaka utoe, nikawa Jumatatu naingiza ndala za watoto ndani ili ionekane hamna mtu. Mwanangu mdogo alishajua, akisikia hodi ananyamaza mwenyewe. Hiyo iliniuma kuliko deni lenyewe.

Kazini kulikua na mchezo wa kupeana hela kwa zamu, watu 10, kila mtu 20,000 kwa mwezi. Nikamfata kijumbe anayeusimamia nikamwambia dada naomba unipe namba moja, nipokee wa kwanza, nikamweleza yote bila kuficha. Akasema haya mdogo wangu, ila ukikimbia mi ndo ntalipa. Nikapokea 200,000, nikamaliza yale marejesho matano yaliyobaki 175,000, iliyobaki nikafuta deni la simu. Kuanzia hapo badala ya 140,000 ikawa inanitoka 20,000. Mshahara ni ule ule lakini nilianza kupumua.

Sasa kazi. Kupika najua, watu 300 nawapikia, ila nilikua sina karatasi yoyote na kila hotelini wanauliza cheti. Dada mmoja tuliyewahi kufanya nae kazi ndo akanambia VETA, wale wa mafunzo ya ufundi, wana urasimishaji ujuzi, kwa watu waliojifunzia kazini, huanzi darasani upya, wanakupima unachokijua wanakuongezea unachokosa afu unapata cheti. Nikaenda Chang'ombe kuuliza. Kwenye kupika sikua na wasiwasi, nilipokwama ni usafi wa kitaalamu, mfano sikujua kibao chekundu ni cha nyama mbichi na kijani cha mboga, miaka yote nakatia vyote kwenye kibao kimoja nasuuza tu. Nilijifunza, nikapata cheti.

Maombi nilipeleka mengi, majibu machache. Iliyonitoa ni hoteli moja mjini, yule yule dada alisikia wanatafuta mtu akanipigia usiku. Shefu akanipa kuku na nusu saa. Afu wakaniuliza nategemea kulipwa shingapi, hapa ndo wengi tunajiuza bei rahisi maana unaogopa kukosa, mi nlishapiga hesabu zangu nyumbani kwenye karatasi nikasema 450,000, tukakubaliana 420,000. NSSF wanakata 42,000, kodi ya mshahara elfu 8 na kitu, mkononi nabaki na kama 369,000, na mwajiri nae anachangia NSSF yake. Siku naona jina langu kwenye mfumo wa NSSF nililia.

Kwa Mangi nilienda na hela taslimu nikamwambia piga jumla nimalize. Akachora mstari ukurasa mzima, akasema mama, hili daftari nakuwekea, ukikwama njoo. Bado naenda kwake kila mwisho wa mwezi, ila nachukua dumu la mafuta na unga kiroba kizima. Na mchezo bado nacheza na wale wale wa kantini, safari hii nimeomba namba ya mwisho.