Mtori bila kitunguu

Tumbo langu likijaa gesi, hata kufunga kitenge ni shida. Vipimo havikuonyesha vidonda wala minyoo. Daktari akasema utumbo wangu ni mwepesi kukasirika, nichunguze chakula.

Kwangu mchokozi mkuu ni kitunguu maji na kitunguu saumu. Vina sukari ambazo utumbo mdogo hauwezi kuzisaga. Zikifika utumbo mpana, bakteria wanazichachusha. Maharage ni hivyo hivyo, kwa hiyo kiburu, yaani ndizi zilizopikwa na maharage, nimekiweka kando, na nakipenda mno.

Mtori siachi! Nachemsha ndizi mbichi na nyama ya mbavu. Pembeni nakaanga punje za kitunguu saumu kwenye mafuta mpaka zipate rangi, kisha naziopoa zote. Sukari zile haziyeyuki kwenye mafuta, harufu inabaki. Juu nanyunyizia majani ya kitunguu, sehemu ya kijani tu.

Utaratibu wenyewe umetoka Chuo Kikuu cha Monash, Australia: unaacha vyakula hivyo wiki 2 hadi 6, halafu unarudisha kimoja kimoja. Si kuacha maisha yote.

Mama mkwe wangu huku Moshi hunipakulia kabla hajaunga. Mungu ambariki.

Ila ukiona damu chooni, au unakonda bila sababu, nenda hospitali kwanza.