Vioo vinne, waya mmoja

Gari lilifika gereji kwetu Tanga likiwa limeshabadilishwa swichi kubwa ya vioo kwenye mlango wa dereva, lakini vioo vyote vinne vya madirisha bado vilikuwa vimekufa. Mwenyewe aliniuliza kama sasa anunue mota za kuvipandisha.

"Hapana, mama. Mota nne hazifi siku moja. Tutafute kile zinachokitumia zote."

Fyuzi ya ampia 30 ilikuwa nzima, na relei, swichi inayoendeshwa na umeme, iligonga nilipofungua ufunguo. Nikachomoa swichi mlangoni. Kwenye soketi yake multimita, yaani kipima umeme, ilisoma volti 12.4 kati ya moto (waya unaoleta umeme) na athi (waya unaourudisha kwenye hasi ya betri). Nadhani fundi wa kwanza aliishia hapo, akailaumu swichi. Lakini multimita haivuti umeme wa maana; nyuzi mbili za shaba zinatosha kuipa volti kamili, wakati mota ya kioo inataka ampia kadhaa. Kipimo bila mzigo, yaani bila kifaa kinachovuta umeme, hakimalizi kesi. Kwenye soketi hiyohiyo nikaunga balbu ya indiketa ya wati 21, inayokula karibu ampia 2. Ikatoa wekundu hafifu. Mguu wake wa athi nikaupeleka kwa waya mrefu hadi hasi ya betri, ikawaka kwelikweli. Moto ulikuwa sawa. Athi ndiyo mbovu.

Kwenye gari lile, swichi zikitulia, ncha zote mbili za kila mota hukaa kwenye athi kupitia swichi ya dereva. Ukibonyeza, ncha moja hupewa moto, nyingine hurudisha umeme. Njia hiyo ya kurudi ikikatika, hata swichi za abiria hazifanyi kitu.

Mlango wa dereva ndio unaofunguliwa sana, kwa hiyo nikaenda kwenye mpira wa nyaya kati ya nguzo na mlango. Balbu nikairudisha kwenye athi ya soketi; nilipouchezesha mlango, ikapepesa. Ndani ya mpira, waya wa athi ulionekana mzima, lakini nilipouvuta ganda likarefuka: shaba ilikuwa imekatika ndani.

Tepu haidumu mahali panapokunjwa. Nilikata hadi kwenye shaba safi, nikaunga kipande kipya cha unene uleule kwa risasi ya kuyeyusha, nikakifunika kwa mirija ya kusinyaa kwa joto. Kiungo kimoja kilikaa ndani ya mlango, kingine ndani ya nguzo, waya ukiachwa na ulegevu kidogo. Nikavuta na nyaya nyingine zote, moja moja, kuona kama nazo zimekatika.

Swichi ya zamani ilikuwa bado kwenye buti. Nikairudishia, vioo vyote vikapanda na kushuka, na ile mpya nikamkabidhi mama akaidai hela yake dukani.