Diski nabeba, projekta naazima hukohuko

Kazi zangu ni za video na sauti: picha zinazorushwa ukutani kwa projekta mbili au tatu, na spika zilizopangwa kuzunguka chumba. Miaka mingi nilihama na vifaa vyangu vyote kutoka programu moja ya wasanii wageni, yaani mahali msanii anapoalikwa kukaa na kufanya kazi kwa muda, hadi nyingine. Siku hizi nina begi moja tu. Vingine vyote naazima au natumia palepale, katika studio na karakana za pamoja, na kazi zangu zimenufaika. Naeleza ninavyofanya kwa sababu wenzangu wengi bado wanaumia mgongo na mfuko kwa jambo linaloepukika.

Kilichonisukuma ni safari zenyewe. Betri za lithiamu za akiba haziruhusiwi kwenye mzigo unaoingia tumboni mwa ndege. Lazima uingie nazo mkononi. Zisizozidi wati-saa 100 hupita bila shida, kati ya 100 na 160 unahitaji idhini ya shirika la ndege, na zinazozidi hapo abiria hapandi nazo. Kisha forodha. Ipo hati iitwayo ATA Carnet, iliyotokana na mkataba wa mwaka 1961, inayokuruhusu kuingiza vifaa vya kazi kwa muda wa hadi mwaka mmoja bila kulipa ushuru. Inasaidia sana, ila inadai dhamana, orodha ya kila kifaa na mihuri kila unapovuka mpaka, na si nchi zote zilizomo. Kifaa kikipotea ugenini, unaweza kudaiwa ushuru wake kana kwamba umekiacha kwa makusudi.

Umeme nao hubadilika. Ukirekodi chini ya taa za mahali penye umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde huku shata ya kamera (inayopima muda wa kuingiza mwanga) imewekwa kwa ajili ya mizunguko 60, mwanga unaweza kupepesa kwenye picha. Kamera nyingi za sasa zinarekebishika, lakini taa, vikuza sauti na projekta za zamani ni habari nyingine. Kifaa cha pale kimezoea umeme wa pale, na hilo pekee limenipunguzia usiku mwingi wa wasiwasi.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mlango wa vifaa vya pamoja ni fundi anayevitunza. Mratibu wa programu atakuambia wana projekta tatu. Fundi ndiye anayejua kwamba moja taa yake inakaribia kuisha, kwamba lenzi ya nyingine ina ukungu, na kwamba ya tatu imeahidiwa mwanachama mwezi huohuo. Kwa hiyo, nikishakubaliwa mahali, ombi langu la kwanza kwa mratibu ni kuzungumza na fundi. Siombi kifaa bado. Naomba saa mbili tatu za muda wake, na naziomba mapema.

Barua ninayomwandikia haina jina la kampuni wala modeli. Naeleza picha inatakiwa ifanye nini: upana wa mita 4, projekta ikae mita 6 kutoka ukutani, chumba hakina giza kamili, itawaka saa nane kwa siku. Ukiomba modeli fulani, jibu ni “hatuna”, na mazungumzo yameishia hapo. Ukieleza kazi, fundi anaanza kuuliza maswali, na akiuliza ujue ameshaanza kuitafuta njia pamoja nawe.

Hesabu ya lenzi ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote. Gawanya umbali wa projekta kwa upana wa picha: mita 6 kwa mita 4 ni 1.5, na hiyo ndiyo namba ya lenzi unayohitaji. Lenzi ya 2.0 itataka mita 8 kwa picha ileile, na chumba hakirefuki. Mahali pamoja orodha ya vifaa ilitaja projekta bila kutaja lenzi. Fundi alikwenda kupima mwenyewe, akaniandikia kwamba kwa mita 5 zilizopo na lenzi ya 2.0, upana hautazidi mita 2.5. Nilikuwa bado sijaanza safari. Nikaigawa picha kubwa kuwa mbili ndogo zinazotazamana, na mpaka leo naionyesha kazi ile hivyo. Ilipata umbo lake kutokana na chumba kile na mtu yule.

Sehemu nyingi nzuri hukufundisha kwanza, ndipo zikukabidhi ufunguo. Watu wa filamu za milimita 16 wanalijua hili vizuri. Maabara zinazoendeshwa na wasanii wenyewe, kama L'Abominable iliyoanzishwa karibu na Paris mwaka 1996, zimejengwa juu ya wazo kwamba msanii ajifunze mashine kisha asafishe filamu yake kwa mikono yake. Kule Owego katika jimbo la New York, Experimental Television Center, iliyoanza mwaka 1971, iliendelea hadi mwaka 2011 kuwapokea wasanii waje kufanya kazi na mitambo yake ya kuchakata video, mitambo ambayo msanii mmoja asingeweza kuimiliki. EMS, studio ya muziki wa kielektroniki ya Stockholm iliyoanzishwa mwaka 1964, bado ina sinthesaiza (mashine za kuunda sauti kwa umeme) za Buchla na Serge ambazo huwezi kuzitia kwenye sanduku. Mimi mafunzo ya utangulizi nayakubali hata kwa kifaa nilichokizoea. Kila chumba kina tabia zake, na saa ile ndiyo fundi anakupima kama wewe ni mtu wa kuachiwa chumba usiku.

Begini nina diski mbili zenye kazi ileile, zimeandaliwa kwa mfumo wa exFAT ili zisomeke kwenye Windows na Mac, video katika ProRes, muundo wa faili wa ubora wa juu, na nakala nyepesi ya H.264, sauti katika faili za WAV. Nina adapta, hedifoni zangu, na mchoro wa ukurasa mmoja unaoonyesha kila kebo inatoka wapi na inaingia wapi. Kebo ndefu sibebi. Picha ikihitaji kwenda mbali naomba SDI, kebo ya video ya kitaalamu, maana HDMI ya kawaida huanza kusumbua ikirefuka.

Fedha ndiyo sehemu inayoniuma. Ada ya uanachama ni haki, kwa sababu wanachama ndio wanaoibeba karakana mwaka mzima. Amana ndiyo inayowafungia wengi nje: si kila msanii ana kadi ya benki inayoweza kuzuiliwa kiasi kikubwa kwa mwezi mzima. Ninachofanya ni kuomba asasi iliyonialika isaini kama mdhamini, na kifaa kiingizwe kwenye bima yake kwa kipindi hicho. Nimeona wanakubali mara nyingi, mradi ombi lije kabla bajeti haijafungwa. Saa za kazi naomba za asubuhi katikati ya wiki, maana jioni na wikendi ni za wanachama wenye ajira nyingine, na mgeni hana sababu ya kuwasukuma.

Vifaa navirudisha siku moja kabla ya kuondoka, tuviwashe pamoja na fundi nikiwa bado nipo. Kama kitufe kimelegea, naandika kwenye karatasi na kuibandika kwenye kasha.

Siku hizi kila karakana ninayopita naiomba inipe barua fupi inayotaja mashine nilizofunzwa. Karakana iliyofuata iliwahi kuikubali barua hiyo badala ya amana. Natamani wasimamizi waufanye huo kuwa utaratibu wao wa kudumu, wakianza na maabara za filamu, ambazo tayari zinafahamiana na kufundisha mambo yanayofanana.